Kidonda cha mguu, figo dhaifu, na hofu ya picha ya mishipa

SWALI

Shikamoo daktari.

Mimi naishi Nkuhungu hapa Dodoma mjini na nauza mafuta ya alizeti soko la Majengo. Nakuandikia kuhusu baba yangu, mzee wa miaka 67, mwalimu mstaafu, anaishi Kibaigwa na mama. Kisukari kilimpata kabla hajastaafu, presha ikafuata, na sasa tunaambiwa figo nazo zimedhoofika.

Tangu kipindi cha kuvuna uwele ana kidonda pembeni mwa kidole gumba cha mguu wa kulia. Kilianza na kiatu kilichombana. Tumekisafisha, tumekifunga, amemaliza dozi za antibiotiki, lakini hakifungi. Na hata kabla ya kidonda alikuwa akienda kanisani kwa miguu anasimama njiani, anasema shavu la mguu linakaza kama limefungwa kamba. Siku hizi balaa ni usiku. Halali. Anakaa ukingoni mwa kitanda ameuning'iniza mguu chini, anasema ukining'inia ndipo anapata nafuu.

Nilimleta mjini. Daktari alimgusa mguu, akasema damu haifiki vizuri, mishipa imesinyaa, akaandika CT-Scan ya mishipa ya miguu, ile yenye dawa ya kuchomwa. Tulipofika kwenye kipimo, aliyepokea karatasi akaangalia majibu ya figo (kreatinini 248, na chini wameandika eGFR 24), akasema dawa ile itammaliza figo, turudi kwa daktari. Daktari siku hiyo hakuwepo tena. Tukarudi nyumbani.

Tangu hapo ukoo mzima una maoni. Kaka yangu wa Dar anasema afanyiwe MRI, haina madhara. Mjomba anasema achomwe dawa kisha siku hiyohiyo asafishwe damu kwa mashine ili yote itoke. Shangazi anasema tusipoteze hela, mguu ukatwe. Baba mwenyewe anataka arudi Kibaigwa asubiri figo zipate nguvu, ndipo apigwe picha. Mama anamlazimisha anywe maji mengi.

Dawa zake ni metformini, losartani na amlodipini. Usiku tunampa diklofenaki ya duka la dawa, maana bila hiyo nyumba nzima hailali. Pia kuna dawa ya mizizi aliyoleta mjomba, ya kusafisha figo.

Naomba uniambie ukweli. Tumpige picha tuue figo, au tuache tupoteze mguu?

Binti wa Kibaigwa

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza, na mzee mpe pole yangu.

Nianze na ambalo hukuuliza, kwa sababu ndilo lililonishtua kuliko yote. Umeeleza kwa kirefu dawa ambayo baba hajachomwa, ukapita haraka kwenye zile anazomeza kila usiku. Diklofenaki hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Mtu mzima mwenye figo nzima huchuja kama mililita 90 na zaidi kwa dakika. Baba yako, kwa ile eGFR ya karatasi, ambayo ndiyo makadirio ya uchujaji huo, anachuja 24. Kwa mtu wa kiwango hicho, anayemeza pia losartani ya presha, diklofenaki ya kila siku ni hatari ya wazi, tena inaingia mwilini kila usiku bila mtu yeyote kuipimia damu. Acheni leo. Na ile ya mizizi acheni pia, hata kama mjomba ataona mmemvunjia heshima. Hakuna anayejua kilichomo ndani yake, na wagonjwa wa figo wamewahi kuongezewa ugonjwa na dawa za namna hiyo. Kwa maumivu mpeni parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, kisha mwambieni daktari waziwazi kwamba mzee halali. Zipo dawa kali zaidi ambazo mtu wa figo anaweza kuandikiwa kwa dozi iliyopunguzwa. Asiteseke kimya.

Metformini nayo haitakiwi kabisa eGFR ikishuka chini ya 30. Sikwambii umnyime dawa ya sukari, maana sukari ikipanda kidonda kitazidi. Nakwambia ndani ya siku mbili hizi aonwe na daktari abadilishiwe, na asiogope akiambiwa ni insulini. Losartani na amlodipini msiziguse mpaka daktari aseme.

Hii ina maana nyingine. Huenda 24 hiyo si namba yake halisi. Figo zilizobanwa na diklofenaki zinaweza kupanda kidogo zikiachwa zipumue. Kwa hiyo kreatinini, ile taka ya damu inayopanda figo zikishindwa kuchuja, irudiwe kupimwa siku chache baada ya kuacha. Lakini hapo ndipo ninapotofautiana na mzee: kusubiri siku chache za kurudia damu ni sawa, kusubiri Kibaigwa mpaka figo zipone si sawa. Figo zilizochakazwa na kisukari na presha kwa miaka mingi hazirudi kuwa mpya. Tunachoweza ni kuzipunguzia kasi ya kuchoka. Mguu hauna muda huo. Maumivu ya usiku yanayopungua mguu ukining'inia, pamoja na kidonda kisichofunga, ni dalili za mguu unaokosa damu hata mtu akiwa amepumzika. Madaktari huuhesabu kuwa mguu ulio hatarini kupotea, na mgonjwa wa aina hii anatakiwa kumwona bingwa wa mishipa ya damu mapema, kwa hesabu ya siku, si ya misimu ya mvua.

Sasa tuje kwenye picha. Hapa familia yenu imenaswa kwenye swali moja tu, achomwe dawa au asichomwe, wakati kuna mengi ya kujua kuhusu mguu ule bila kuchoma chochote. Kuna kipimo rahisi ambacho hukukitaja, na nina wasiwasi hakikufanyika. Mgonjwa analazwa chali, anafungwa mkanda wa presha kwenye kifundo cha mguu, anapakwa jeli, kisha mpimaji anagusisha kifaa kidogo cha Dopla chenye ukubwa wa kalamu. Damu ikipita inasikika, shuu, shuu, shuu. Mkanda unajazwa hewa mpaka sauti inakatika, kisha unalegezwa taratibu, na pale sauti inaporudi ndipo presha ya mguu inasomwa. Ikigawanywa kwa presha ya mkono inapatikana namba. Chini ya 0.90 maana yake mishipa imesinyaa.

Ila kwa mtu wa kisukari na figo namba hiyo inaweza kudanganya. Mishipa yao hujaa kalsiamu ukutani, na kuibana kwa mkanda ni kama kubana bomba la chuma: hata ujaze hewa vipi haikunjiki, sauti haikatiki, na namba inatoka kubwa, zaidi ya 1.40, wakati ndani damu ni ya kudondoka tu. Nimeona familia zikishangilia namba nzuri ya namna hiyo. Kwa hiyo wakipima kifundo, ombeni wapime na kidole cha mguu kwa kimkanda kidogo, kwa sababu mishipa ya vidole mara nyingi haijakauka kiasi hicho. Presha ya kidole ikiwa chini ya milimita 30 za zebaki, kidonda hakina matumaini makubwa ya kufunga mpaka njia ya damu ifunguliwe. Namba hiyo moja ina uzito kuliko hoja zote za ukoo.

Hatua inayofuata ni ultrasaundi ya mishipa ya miguu yenye Dopla. Haina mionzi, haina sindano, haigusi figo. Mtaalamu anaufuata mshipa kutoka kinena hadi kifundo, anaangalia kasi ya damu. Pale mshipa ulipobana damu hukimbia ghafla. Kasi ikiongezeka maradufu au zaidi kulinganisha na sehemu iliyotangulia, mshipa umeziba kwa nusu au kupita nusu. Kipimo hiki kina mipaka yake. Kinategemea sana mkono wa anayepima, kinachukua muda, tumboni gesi huzuia kuona, na kalsiamu nyingi hutupa kivuli. Hata hivyo kwa baba yako ndicho cha kuanzia, na mara nyingi kinatosha kumwonyesha bingwa ni wapi hasa pa kushughulikia.

Kwa hiyo yule aliyewarudisha pale kwenye CT-Scan alikuwa na sababu ya kusita. Kosa lilikuwa kuwaacha mwondoke bila kuambiwa mwende wapi.

Kuhusu kontrasti yenyewe, ile dawa yenye iodini inayofanya mishipa ing'ae kwenye CT-Scan, hofu yake ilikuzwa sana huko nyuma. Tafiti nyingi za zamani zilihesabu kila mgonjwa ambaye kreatinini yake ilipanda baada ya kipimo, bila kumlinganisha na mgonjwa wa aina hiyohiyo ambaye hakuchomwa. Mgonjwa mahututi kreatinini yake hupanda hata asipochomwa kitu. Mwaka 2020 wataalamu wa radiolojia na wa figo wa Marekani walitoa tamko la pamoja kwamba hatari ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa, na wanaohitaji tahadhari ya kweli ni wenye eGFR chini ya 30 au ambao figo zao zimeumia ghafla. Baba yako yumo kwenye kundi hilo la tahadhari, sikufichi. Lakini tahadhari si marufuku. Kama kipimo kinahitajika kuokoa mguu, hupewa maji ya chumvi kwa dripu kabla na baada, kiasi cha kontrasti hupunguzwa, na damu hurudiwa kupimwa. Kreatinini ikipanda, kwa kawaida hupanda ndani ya siku 2 hadi 3, na kwa walio wengi hushuka yenyewe katika wiki moja au mbili. Wanaoishia kwenye mashine kwa sababu ya kontrasti peke yake ni wachache.

Zipo pia dawa ambazo mnaweza kuuziwa kama kinga. Jaribio kubwa lililochapishwa 2018, la watu karibu 5,000 wenye figo dhaifu waliokuwa wanapigwa picha za mishipa, lilionyesha kwamba vidonge vya asetilisisteini na dripu ya baikaboneti havikuwakinga kuliko maji ya kawaida ya chumvi. Msitumie hela huko.

Ninayo sababu nyingine ya kutoipenda CT-Scan kwa mzee wako, na haihusiani na figo. Kalsiamu ile ile niliyoisema hung'aa kwenye CT kwa weupe unaokaribiana na ule wa kontrasti. Kwenye mishipa myembamba ya chini ya goti, ambako kisukari hupenda kuziba, msomaji hushindwa kujua hapa kuna njia au kuna chokaa. Mnaweza kuhatarisha figo mkapata picha isiyosema kitu.

Kaka yako wa Dar ana nusu ya ukweli. MRI haina mionzi ni kweli, lakini ya mishipa mara nyingi nayo huchomwa dawa, ya gadolini. Kuanzia 1997 walionekana Marekani wagonjwa wa figo waliokuwa wakikakamaa ngozi na viungo, wengine wakashindwa kutembea, na ilipofika 2006 ndipo ikagundulika kwamba waliopata hali hiyo walikuwa wamechomwa gadolini. Aina za zamani zilizoleta balaa hilo zimeachwa au zimewekewa masharti makali, na kwa aina mpya tatizo hilo ni nadra mno, hata kwa wenye figo dhaifu. Kwa hiyo swali la kuuliza ni gadolini ya aina gani. Tena kuna MRI ya mishipa isiyotumia dawa yoyote, inayofuatisha mwendo wa damu yenyewe, na kalsiamu haiisumbui sana. Inahitaji mashine yenye programu hiyo na mtu anayeijua. Ulizeni kabla hamjalipa.

Njia ambayo mabingwa wengi huipendelea kwa mguu kama wa baba ni hii: ultrasaundi kwanza, kisha moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji wa mishipa, mrija mwembamba unapitishwa kinenani, kontrasti kidogo inamwagwa karibu na pale palipoziba tu, na kama panazibulika, puto linapitishwa hapohapo. Kontrasti inayomwagwa chini ya mahali mishipa ya figo inapochipukia haizifikii ikiwa kali kama ile inayomwagwa juu yake. Na mgonjwa anapata picha na tiba kwa kontrasti ile ile, badala ya kuchomwa mara mbili. Mahali pengine hutumia gesi ya kaboni dayoksaidi badala ya kontrasti kwa mishipa ya chini ya kiwambo cha tumbo. Inayeyuka kwenye damu na kutoka kwa pumzi, figo haziguswi kabisa. Si kila hospitali inayo, lakini hakuna ubaya kuuliza.

Mjomba mwambie kwa upole kwamba kusafishwa damu mara baada ya kontrasti hakujaonekana kuzuia figo kuumia, na mrija wa kusafishia damu nao una hatari zake. Mtu aliyeko tayari kwenye mashine na asiyepata mkojo tena, huyo hofu ya kontrasti kwa figo imeshamwisha. Baba hajafika huko.

Shangazi naye ajue kwamba hata kukata kunahitaji kujua damu inafika wapi. Ukikata mahali pasipo na damu, kidonda kipya nacho hakifungi, mnakata tena juu zaidi. Mara nyingi mshipa ukizibuliwa, kinachoondolewa ni kidole tu, au hakiondolewi kitu.

Basi mfanye hivi. Rudini hospitalini wiki hii na karatasi zote, mkaombe rufaa ya bingwa wa mishipa ya damu na wa figo kwa pamoja, wazungumze wao kwa wao. Dodoma ina wataalamu wa figo. Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu 2018. Ikibidi mwende Dar es Salaam, treni ya SGR itamwezesha mzee kukaa akinyoosha mguu kuliko basi. Hela zikiwa kikwazo, kabla hamjauza kitu pitieni dirisha la bima na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Mzee amevuka miaka 60 na sera ya msamaha kwa wazee wasiojiweza ipo. Mkifika kwa bingwa muulizeni swali moja: picha hii ikipatikana, utafanya nini nayo? Akisema hakuna atakachofanya kwa sasa, basi hakuna haja ya kuchoma dawa. Akisema atazibua mshipa, basi hatari ina sababu.

Mkisubiri, mama aache kumsukumia maji. Mtu wa figo na presha akijazwa maji huvimba, na moyo huelemewa. Anywe kwa kiu yake na kwa kiasi alichoambiwa. Lakini siku ya kipimo msimlete akiwa amekauka. Nawajua wagonjwa wa vijijini: wanaambiwa wasile, wao wanaacha na maji tangu jioni, wanapanda gari alfajiri, wanakaa foleni kwenye joto la Dodoma mpaka saa nane. Figo zinazoingia kwenye kontrasti zikiwa na kiu ndizo zinazoumia. Uliza kama lazima afunge. Kwa CT yenye kontrasti maji kwa kawaida huruhusiwa.

Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, asitembee peku, msimkande mguu kwa maji ya moto wala kumwekea jiko karibu, maana ganzi ya kisukari humfanya asisikie anapoungua. Mguu ukiwa baridi na mweupe ghafla, ukifa ganzi, au kidole kikigeuka cheusi, kikitoa harufu, au mzee akipata homa, msingoje miadi, mpelekeni usiku huohuo.

Na akishachomwa kontrasti, popote itakapokuwa, alale kwako Nkuhungu asirudi Kibaigwa jioni ile. Siku ya pili au ya tatu apimwe tena kreatinini, uangalie na mkojo wake kama unatoka kama kawaida. Ukipungua, rudini hospitalini siku hiyohiyo, na ile karatasi ya 248 mwende nayo wailinganishe.